Ripoti ya jobu ya usiku: niitoe kwenye spuli iende kwenye faili kwa njia ipi?

Mgeni_wa_JCL
Wakuu, habari za kazi. Nina jobu moja ya usiku (kazi inayojiendesha yenyewe) kwenye meinfremu, ile kompyuta kubwa ya kazini (niko Toronto, tunatumia mfumo wa z/OS). Ripoti yake inabaki kwenye spuli, pale matokeo yanaposubiri kuchapwa, nami kila asubuhi naingia SDSF, programu ya kutazamia spuli, kuitoa kwa mkono. Wahasibu wanataka wakifika waikute kwenye faili. Nimeona njia tatu: kubadili DD yenyewe (mstari wa JCL, maelekezo ya jobu, unaosema matokeo yaende wapi), kuendelea na XDC (amri ya SDSF ya kunakili kwenye faili), au kuwaomba maopereta wawashe XWTR (programu inayotoa matokeo kwenye spuli na kuyaandika kwenye faili). Ipi bora? Nataka kuingiza mabadiliko kabla ya Alhamisi. Baada ya hapo hakuna kugusa kitu mpaka hesabu za mwezi zifungwe.

Kaa_Macho
Mkuu, umetuletea mchuzi bila nyama. Ni DD moja au unataka zote? Ripoti ina mistari mingapi? JCL ni yako au ya watu wengine? Maopereta wanafuta spuli kila baada ya siku ngapi? Bila hayo kila mtu atakupa dawa ya ugonjwa wake mwenyewe.

Rexx_Daima
Hapo hakuna cha kufikiria, ni REXX, lugha ya skripti. Unaita isfcalls('ON'), unatafuta jobu kwa ISFEXEC ST, unachukua DD zake kwa ISFACT na SA, halafu EXECIO inasoma na kuandika kwenye dataseti yako, yaani faili la meinfremu. JCL ya mtu huigusi. Mimi natumia hiyo kwa jobu zangu zote.

Dada_Bechi
Kaka, kwako hata mlango ukikwama utafunguliwa na REXX. Ripoti moja, DD moja, mnaandika programu ya nini? Toa SYSOUT=* inayoipeleka kwenye spuli, weka hii:

//RIPOTI DD DSN=HESABU.USIKU.RIPOTI,
// DISP=(NEW,CATLG,DELETE),
// SPACE=(CYL,(5,5),RLSE),
// RECFM=FBA,LRECL=133

Kwisha.

Mzee_wa_Kadi
Binti, hiyo DELETE ya mwisho iondoe kabla hajainakili. Niwasimulie.

Kuna mahali nilifanya kazi miaka ya nyuma, nikaandika DISP kama hiyohiyo, na mbele yake hatua ya kufuta la jana. Miezi minne mambo shwari. Usiku wa kufunga mwezi, saa tisa, jobu ikafa na S0C7, kosa la data isiyo namba. Simu ikanitoa kitandani. Naingia nitazame programu imekwama kwenye rekodi gani, maana tulikuwa tunachapa namba ya akaunti kwenye ripoti hiyohiyo kabla ya kila hesabu. Dataseti haipo! Nafasi ya tatu ya DISP ndiyo inayosomwa hatua ikifa, na mimi mwenyewe ndiye niliyeiambia mashine ifute. Ingebaki kwenye spuli ningeiona papo hapo. Tukakaa mpaka asubuhi tunapepeta rekodi za kuingilia, tukakuta akaunti moja ina nafasi tupu palipotakiwa kuwa na tarakimu.

Nikajifanya mjanja, nikaweka CATLG,CATLG (liingie kwenye katalogi ya majina, hatua ipone au ife), nikaondoa na ile hatua ya kufuta. Usiku wa pili jina lilikuwa tayari liko kwenye katalogi. Ujumbe IGD17101I, hatua haikuanza kabisa, na simu ikalia tena. Mke wangu wa wakati ule hakuwapenda IBM.

Kwa hiyo: GDG (kundi la matoleo ya faili moja) yenye (+1), yaani toleo jipya, na CATLG zote mbili. Kila usiku toleo lake, la zamani linajiondoa lenyewe idadi ikitimia.

Dada_Bechi
Shikamoo mzee. Nimekubali kwenye DISP. Kwenye mengine sijashindwa.

Mzee_wa_Kadi
Marahaba binti.

Hobi_Hercules
Mimi nina MVS 3.8j, babu wa z/OS, juu ya Hercules, programu inayoiga meinfremu, kwenye laptopu hapa Dar. Printa 00E inaandika moja kwa moja kwenye prt00e.txt. Sijawahi kuhangaika na haya.

Kaa_Macho
Laptopu yako haina mkaguzi.

Mgeni_wa_JCL
Samahani wakuu, kumbe nilisahau mambo. DD iko ndani ya proki (JCL iliyohifadhiwa itumiwe na wengi) ya timu nyingine, na kuibadilisha ni fomu na vikao vya wiki mbili. Ripoti ina mistari kama laki moja. Spuli inafagiliwa kila baada ya siku 3. Halafu wakaguzi wanataka JESMSGLG na JESYSMSG, yaani kumbukumbu za mfumo za jobu hiyo, ziwekwe pia.

Kaa_Macho
Hilo la mwisho ndilo ungeanza nalo! JESMSGLG, JESJCL na JESYSMSG anaziandika JES mwenyewe, msimamizi wa jobu na spuli. Hakuna DD utakayoweka kwenye JCL ikazihamishia kwenye dataseti.

Ripoti ni rahisi: proki usiiguse, kwenye JCL yako andika //HATUA2.RIPOTI DD yenye DSN na DISP, SYSOUT ya mle ndani inapuuzwa yenyewe. Hizo nyingine lazima zitolewe kwenye spuli.

Rexx_Daima
Nilisema mimi.

Kaa_Macho
Ulisema nusu. Ukiiweka hiyo REXX iwe hatua ya mwisho ya jobu ileile, JESYSMSG utakayoipata haijakamilika, kwa sababu jobu yenyewe bado inaendelea. Iwe jobu ya pili inayoanza ya kwanza ikiisha.

Dada_Bechi
Na XWTR? Jobu ipewe MSGCLASS (klasi ya matokeo kwenye spuli) yake peke yake, maopereta wawashe.

Mzee_wa_Kadi
Inafanya kazi, lakini ikishaandika inaitoa ripoti kwenye spuli. Na jobu nyingine ikitumia klasi ileile, yote yanamwagwa kwenye faili moja la IEFRDER, DD ya XWTR yenyewe. Niliwahi kukuta mishahara imo katikati ya ripoti ya stoo.

Mtoto_wa_Zowe
Wazee, tuko karne ya 21. Kuna Zowe, chombo cha amri cha kwenye kompyuta yako: zowe zos-jobs download output, unaipa namba ya jobu, na kila DD inakuja na faili lake kwenye kompyuta, JESMSGLG ikiwemo.

Rexx_Daima
z/OSMF, huduma ambayo Zowe inaitegemea, imewashwa kwake? Na faili za kazini zishuke kwenye laptopu ya nani?

Mgeni_wa_JCL
Sijui kama imewashwa. Nitauliza. Swali jingine: wahasibu watafungulia Excel.

Mzee_wa_Kadi
Basi umekwisha. Hiyo A ya FBA ina maana safu ya kwanza si data, ni amri kwa printa. 1 ni ukurasa mpya, 0 shuka mistari miwili, alama ya kutoa shuka mitatu. Programu ikishuka mitatu kabla ya jumla, na jumla ikaanzia safu ya pili, mhasibu ataona -1,250,000. Nami nimemwona mhasibu akilia.

Dada_Bechi
Aipitishe kwenye DFSORT, programu ya kupanga data, iondoe safu ya kwanza. FB, LRECL=132.

Rexx_Daima
Au kwenye REXX, substr(mstari,2).

Dada_Bechi
Yesu na Maria.

Mgeni_wa_JCL
Ripoti nitaijaribu na GDG kesho. Za wakaguzi bado. Nimemuuliza opereta wa usiku kuhusu klasi ya peke yake, kaniambia herufi zote zimeshachukuliwa.

Hobi_Hercules
Hata namba? 0 hadi 9 nazo ni klasi.

Mzee_wa_Kadi
Muulize ya 7 ni ya nani. Kila nilipofanya kazi, ya 7 hakuna aliyejua ni ya nani.