Afisa mikopo kwenye kampuni ambako watu hawakai: ajikinge vipi?

Mkata_Nazi
Wakuu, naomba mwongozo kwa wanaoijua kazi ya mikopo midogo hapa Tanzania (vikundi na wafanyabiashara wadogo, siyo benki). Eneo moja limeshapita kwa maafisa wanne ndani ya mwaka, sasa anatafutwa wa tano. Majaribio miezi 6, mshahara mdogo pamoja na kamisheni, na kuna kipengele kwamba "hasara yoyote itakatwa kwenye mshahara". Anayeingia hapo aanzie wapi?

JaladaJekundu
Aanzie kwenye makabidhiano. Wengi hunasa hapo, kwa sababu wanasaini orodha ya wateja ofisini bila kuwaona.

Omba orodha ichapishwe kutoka kwenye mfumo ikiwa na tarehe: jina, simu, mdhamini, salio, siku za kuchelewa. Kisha mpitie kila mteja pamoja na meneja wa tawi au afisa anayeondoka, mkiwa na orodha mkononi, na mtazame kitabu chake cha marejesho. Kitabu kikionyesha deni la 300,000 na mfumo 450,000, kuna 150,000 iliyopokelewa taslimu na haikuingizwa. Asiyejulikana mtaani wala kwa mdhamini wake, huyo ni mteja hewa. Ukisaini kabla ya kuyaona haya, kesho yatasomeka kwa jina lako.

Kwenye karatasi ya makabidhiano andika kwa mkono: "faili 180 nimepokea, wateja 14 hawakuonekana, salio 9 hazilingani", na majina yao. Meneja asaini, nawe ubaki na nakala. Tangu siku ya kwanza usishike fedha za mteja. Alipe kwa lipa namba ya kampuni.

Kamisheni nayo ipigie hesabu. Mikopo ya milioni 40 ikiwa na milioni 6 iliyochelewa zaidi ya siku 30, hiyo ni 15%. Kama kamisheni inaanza mikopo iliyochelewa ikishuka chini ya 5%, unatakiwa ukusanye zaidi ya milioni 4 za deni la mwenzio kabla hujaonja senti. Omba kwa maandishi mikopo ya zamani ihesabiwe kando. Wakikataa, umeshajua kwa nini wanne wameondoka.

Wakili_wa_Kijiweni
Hicho kipengele cha "hasara yoyote" hakisimami kama kilivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu kukata kufidia hasara iwapo umekubali deni, hasara imetokea kazini kwa kosa lako, na umepewa nafasi ya kujitetea. Makato yasizidi hasara halisi wala robo ya ujira wako. Hapo ndipo ile karatasi ya JaladaJekundu inapokuwa silaha.

Miezi 6 nayo ina maana yake: aliyetumika chini ya hapo hana ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Wakirefusha majaribio, omba barua.

NSSF ni 20% ya mshahara, na mwajiri asikukate zaidi ya 10%. Angalia taarifa ya michango yako baada ya miezi miwili. Makato kwenye hati ya mshahara siyo ushahidi kwamba fedha zimefika.

Mkata_Nazi
Asanteni. Wanataka pia vyeti halisi vya shule wakae navyo.

JaladaJekundu
Usithubutu. Toa nakala zilizothibitishwa na wakili, halisi waonyeshwe tu na urudi navyo. Vyeti vikifungiwa kabatini, kuondoka kwako kunakuwa kwa hiari yao.

Wakili_wa_Kijiweni
Na ukiamua kuondoka, usitoweke kama wengi wanavyofanya. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28 (7 kama bado yuko ndani ya mwezi wa kwanza). Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa, fanya makabidhiano kwa mtindo uleule, na dai cheti cha utumishi. Wakizuia mshahara, nenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi) ujaze fomu namba 1 ndani ya siku 60. Mgogoro ukiwa wa kuachishwa kazi, ni siku 30 tu.