Naomba ushauri: niko Kigoma, nataka kusomea takwimu za nyangumi

Wakuu, heshima kwenu. Nina digrii ya takwimu, kazi yangu ni kurekodi mavuno ya dagaa na migebuka mwaloni Kibirizi. Nataka masta ya takwimu za mamalia wa baharini. Mzee nyumbani anacheka: ziwa lote hili, wewe unawaza Antaktika!

Lakini nyangumi wenye nundu hutoka huko huko, na kati ya Julai na Novemba hufika pwani yetu kuzaa. Kinachonivuta ni hesabu yenyewe. Aliyezama haonekani, kwa hiyo ukihesabu walioibuka tu umepunja. Wataalamu hupima umbali wa kila aliyeonekana kutoka njia ya meli, kisha hukadiria idadi ya wale ambao hawakuonekana. Wengine hupiga picha mkia kwa chini. Mabaka yake hayafanani, akionekana tena wanamjua. (Hata sokwe wa porini hukadiriwa kwa viota, kwa hesabu hizo hizo za umbali.)

Sasa, niombe moja kwa moja St Andrews, Scotland, wenye kitengo cha mamalia wa baharini, au nianzie Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar? Programu ya takwimu ya R naimudu, biolojia niliishia kidato cha nne. Na waliopata ufadhili wa Jumuiya ya Madola, uzoefu wa ziwani unahesabika?