Dalí mwenye sahihi au Miró asiye na sahihi?

DungaKwetu (Kisumu)
Wadau, kuna mnada Paris, zabuni zinapokelewa mtandaoni. Nina laki moja unusu. Nimebaki na chapa tatu, yaani picha za wachoraji maarufu zilizochapwa nakala nyingi: Dalí, sahihi ya penseli, namba 112/300 (nakala ya 112 kati ya 300), ina cheti cha uhalisi. Miró ya jarida la Derrière le miroir, haina sahihi wala namba. Na Magritte iliyochapwa baada ya kifo chake. Moyo uko kwa Dalí. Mnaonaje?

Section58 (Nakuru)
Moyo uache kwanza. Dalí alisaini karatasi tupu kwa maelfu. Mwaka 1974 Wafaransa walinasa gari likielekea Andorra na karatasi 40,000 zenye sahihi yake, picha hakuna hata moja! Sasa hiyo sahihi yako inathibitisha nini? Itisha picha ya karatasi ikimulikwa kwa nyuma. Ikiwa ni Arches (karatasi ya Kifaransa yenye jina lake ndani) na pembeni ya jina kuna alama kama nane iliyolala, karatasi hiyo ilitengenezwa kuanzia 1980, na Dalí alikuwa keshaacha kusaini. Uliza pia iko wapi katika katalogi ya Albert Field, orodha ya chapa za Dalí. Cheti? Hata cyber ya hapa mjini watakuchapia.

FremuKakamega
Miró, bila kusita. Jarida lile lilitolewa na Maeght, nyumba ya sanaa ya Paris, na lithografu zake (chapa za jiwe au bati) ni halisi. Nakala zilikuwa nyingi, ndiyo maana bei inakaribika. Ukiona mkunjo katikati usishtuke, kurasa pacha zilitoka hivyo. Cha kuogopa ni Miró ya aina hii ambayo ghafla ina sahihi ya penseli: kuna watu huiongeza baadaye ili bei ipande. Magritte alifariki 1967, kwa hiyo hiyo yako ni pambo la sebule.

MamaMilimani (Kisumu)
Mnasahau hesabu. Bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho mnadani, siyo utakayolipa. Kamisheni ya mnunuzi huwa robo hivi au zaidi. Ukishinda kwa 90,000, tayari ni 112,500, na bado usafiri, bima na ushuru. Mimi ningegota hapo hapo, hata mkono ukiwasha. Halafu unyevu wa ziwa hapa kwetu huleta madoa ya kahawia kwenye karatasi. Kioo kisiiguse chapa, na kadibodi ya nyuma iwe isiyo na asidi.

Section58 (Nakuru)
Huku kwetu ni vumbi tu 😂

DungaKwetu (Kisumu)
Picha ya mwanga imefika. Nane imelala pale pale, kando ya jina. Dalí basi. Naweka zabuni ya Miró, mwisho 90,000. Fundi, ni sentimita 38 kwa 56, fremu utanifanyia ngapi?

FremuKakamega
Ishinde kwanza, ndugu. Ikifika usiipige pasi kutoa mkunjo, niletee ilivyo.