Omega Constellation 168.005 kwa dola 1,500: niangalie nini kabla sijalipa?

MtuWaKisauni

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Naomba macho yenu kabla pesa haijatoka mfukoni. Kuna Omega Constellation ya chuma, modeli 168.005, ule uso unaoshuka pembeni kama sinia lililofudikizwa. Muuzaji yuko Dubai, anataka dola 1,500. Anasema ni ya 1964, mashine 561, "imefanyiwa sevisi karibuni", na uso mweupe pee utadhani umetoka kiwandani jana. Picha katuma nne, zote za mbele. Nina ndugu yangu Deira, huko huko Dubai, anayeweza kwenda kuishika. Nitaivaa hapa Mombasa, siku za kazi. Naogopa mambo matatu: isiwe bandia, mashine isife nikakosa spea, na maji.

AkrabuMbili

Wa alaykum, ndugu. Hofu zako ni za kweli ila umezipanga kinyume. Mashine iweke mwisho. 561 ni ya ukoo mmoja na 551, 552, 562, 564 na 565; vipuri vyao vingi vinaingiliana na bado vinapatikana. Mashine iliyochoka hutengenezeka. Uso uliopakwa rangi upya haurudi tena, wala chuma kilicholiwa na msasa hakirudi. Pesa yako iko kwenye uso na kasha.

Kwa hiyo hilo la "mweupe pee" ndilo linalonitia wasiwasi. Uso wa miaka 60 huwa na kaumanjano kidogo au vidoadoa pembeni, na hivyo si kasoro. Mwambie ndugu yako achukue lenzi ya kukuza mara 10 aanze na neno Constellation lililoandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha. Mwandiko wa kiwandani ni mwembamba, kingo zake zimekatika safi. Uliopakwa upya huwa mnene, wino umetanuka mahali pamoja na kukonda pengine. Kisha atazame miguu ya alama za saa: rangi mpya hujikusanya pale alama inapogusa uso, kama chokaa iliyobaki kwenye kona ya ukuta. Mwisho ahesabu mikunjo ya uso. Iko 12, na kila mmoja unaelekea kwenye alama yake ya saa. Mkunjo uliokuwa mkali ukionekana butu, ujue una tabaka la rangi juu yake.

Kasha: miguu ya kushikia mkanda kwenye modeli hii imevunjwa katikati kama goti, na ina kingo kali. Ikishakuwa ya mviringo kama sabuni iliyotumika, imepigwa msasa mara nyingi. Ageuze mfuniko wa nyuma aone ule mchoro wa kituo cha kutazamia nyota, na nyota 8 juu yake. Mchoro ukiwa umefifia, msasa umepita na huko. Kitufe cha kujazia cha asili kina pande 10. Cha mviringo ni cha kubadilishwa. Hilo dogo, lakini mshushie bei.

Uso ukiwa wa asili, 1,500 ni bei ya haki. Ukiwa umepakwa, mimi nisingevuka nusu yake hata kama saa inatembea vizuri.

FundiWaGerezani

Naongezea upande wa mashine. Usilipe kabla mfuniko haujafunguliwa na kupigwa picha. Ndani ya mfuniko isomeke 168.005. Kwenye mashine, yenye rangi ya shaba nyekundu, isomeke 561 na maneno "adjusted five positions and temperature". Namba ya mfululizo ikianza na milioni 21 inalingana na 1964. Ukikuta 562 au 565, hizo zimetoka kwenye Omega za aina nyingine, kama Seamaster, zikahamishiwa humo: kila kipande ni Omega halisi, lakini saa yenyewe ni ya kuungaunga. Hiyo ndiyo hatari kubwa ya saa hizi kuliko bandia kamili.

Pia atazame ukingo wa ule uzito unaozunguka kujaza springi. Ukiwa na mikwaruzo inayong'aa, au mfuniko una duara la mkwaruzo kwa ndani, ekseli ya uzito imelika na unga wa chuma unazunguka mle. Fundi anaitengeneza, ila si bure.

"Sevisi karibuni" bila risiti ihesabu kuwa haikufanyika. Mafuta yakikauka, saa haisimami. Inaendelea kutembea huku vyuma vinasagana, ndiyo maana wengi hudanganyika. Apeleke kwa fundi mwenye mashine ya kupimia mwendo. Ajaze kwa mkono mizunguko kama 30, ailaze uso juu. Balansi, lile gurudumu dogo linaloyumba kwenda na kurudi, ipige mara 19,800 kwa saa, na upana wa kuyumba kwake uwe digrii 270 hadi 300. Ikiwa chini ya 220 baada ya kujazwa, ni ya kufunguliwa, kuoshwa na kutiwa mafuta upya. Ikikimbia dakika kadhaa kwa siku, huenda imeshika sumaku tu, na hiyo huondolewa kwa nukta chache.

MtuWaKisauni

Nimewaelewa, Mungu awazidishie. Muuzaji amesema ana "karatasi za Omega". Hizo zinatosha? Na lile la maji?

AkrabuMbili

Karatasi hazitoshi. Kuna Speedmaster, modeli nyingine ya Omega, ya 1957 iliyouzwa mnadani Geneva Novemba 2021 kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi, na mwaka 2023 Omega wenyewe wakatangaza kuwa imeungwaungwa, huku waliokuwa wafanyakazi wao wakihusishwa. Kama mnada wa dunia ulipitiwa, mimi na wewe tusiegemee karatasi. Iangalie saa. Na ukiingiza Kenya usisahau VAT ya 16% pamoja na ushuru wa forodha. Ongeza kwenye hesabu kabla hujakubali bei.

FundiWaGerezani

Maji: ichukulie kama haizuii hata tone. Kioo ni cha plastiki, raba ya mfuniko ya zamani imekuwa ngumu kama ukucha. Raba mpya, na kitufe kipya kama shingo yake imelika, vinazuia jasho na vumbi. Kuogelea nayo hapana. Kwa unyevu wa Mombasa kutu huanzia kwenye ule mhimili mwembamba wa kitufe, kisha huingia ndani. Kwa hiyo ndugu yako akivuta kitufe na kukisikia kikikwaruza, aombe kitolewe atazame huo mhimili. Ukiona ukungu ndani ya kioo siku yoyote, ivue ukampe fundi siku hiyo hiyo. Usiianike juani: maji yatahama tu kutoka kioo kwenda kwenye uso, na doa la kijani kwenye uso halitoki.

MtuWaKisauni

Nimemtumia ndugu yangu haya yote kama yalivyo. Anakwenda Jumamosi na lenzi. Picha za ndani ya mfuniko nitaziweka hapa kabla sijatoa hata senti.