Kimea cheupe cha Kilimanjaro: Arabis au Cardamine?

Mkazi wa Ubungo
Wakuu, habari za leo. Nina picha za kimea cha Kilimanjaro, juu kidogo ya kambi ya Horombo, kimeota kwenye ufa wa mwamba wenye majimaji. Kimo hakifiki kiganja, maua meupe, petali (majani ya ua) 4. Programu ya simu inasema Arabis alpina kwa picha moja, Cardamine kwa nyingine. Sikuchuma kitu. Nitofautishe vipi?

Kioo cha Sonara
Mkuu, ua liache kwanza. Jamii ya haradali, kuanzia sukuma wiki hadi figili, petali zake ni 4 zilizokaa msalaba, ndiyo maana programu inababaika. Tazama majani ya kwenye shina. La Arabis alpina ni zima, kingo zina meno, na kitako chake kina masikio mawili yanayolikumbatia shina. La Cardamine limegawanyika vijani pande mbili za uti, kama jani la mwarobaini lililodumaa.

Tunda je, lipo? Mimea yote miwili ina maganda marefu membamba, lakini la Cardamine likikomaa ukiligusa tu linafyatuka, kuta zinajikunja na mbegu zinaruka.

Shada Kavu
Kwanza hakikisha ni haradali kweli. Galium nayo ina ua dogo la ncha 4, ila petali zimeungana chini na majani yamelizunguka shina kama spoki. Mmea mwingine, Veronica, una stameni (vijiti vya chavua) 2 tu. Haradali kwa kawaida ina 6: ndefu 4, fupi 2. Ila Cardamine hirsuta mara nyingi hubaki na 4, kwa hiyo usiikatae kwa hesabu hiyo peke yake.

Usisahau pia Arabidopsis thaliana, nayo hufika huko juu. Shina kama uzi, petali za milimita 2 hadi 4, na majani ya shinani hayakumbatii.

Mkazi wa Ubungo
Nimekuza picha. Jani zima, meno yapo, kitako kimekumbatia shina. Vinywele naona ukungu tu.

Kioo cha Sonara
Basi egemea Arabis alpina, lakini andika "labda" mpaka uvione hivyo vinywele: vyake vina matawi kama nyota. Picha ya kawaida ya kutoka juu mara nyingi haivionyeshi. Safari ijayo weka kioo cha sonara (lenzi ndogo ya kukuzia) cha 10x mbele ya kamera ya simu, rula ya milimita pembeni, upige ua kwa ubavuni, jani la chini, jani la shinani (mgongo na tumbo), na ganda. Kuchuma hifadhini bila kibali, hapana.

Shada Kavu
Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), omba kuziona sampuli zao. Petali zikikauka hunywea, kwa hiyo linganisha maganda na vinywele, si ukubwa wa ua.