Naomba ushauri: nataka njano ikae na nyekundu kwenye mchemraba wa Rubik

Wakuu, habari za jioni. Niko Arua, Uganda, naendesha boda, na nikisubiri abiria stejini mkono hautulii bila mchemraba. Kuutatua naweza, sasa nimenogewa na mapambo, yaani kupanga rangi zitoe michoro.

Lile la drafti, rangi mbili zikipishana kama ubao wa drafti, ni rahisi: matabaka matatu ya kati, kila moja unalizungusha nusu duara, basi. Ila nyeupe inachanganyika na njano tu, bluu na kijani, nyekundu na chungwa, maana ndizo zinazotazamana. Mimi nataka njano na nyekundu, kama bendera yetu (nyeusi haipo, najua).

Nikajaribu pambo la vitone, kila uso una kitone cha rangi nyingine katikati: tabaka la kati la wima robo duara, la kati la mlalo robo, rudisha wima, rudisha mlalo. Baada ya kubadilisha ushikaji mara kadhaa, kitone chekundu kikatua katikati ya njano. Nikaongeza drafti juu yake: rangi tatu uso mmoja, utadhani kitenge!

Je, kuna mfuatano wa kupata drafti ya rangi jirani, au nihamishe vipande vya kando vitatu vitatu? Dada anasema nibandue vibandiko. Hilo hapana.