Fundi alikata waya wa feni akaniambia "gari limekaa sawa". Mama yangu kakaa juani mlima Kitonga kwa saa nne

Wakuu, nimejipa wiki tatu nipoe kwanza ndipo niandike. Sijapoa. Naandika hivyo hivyo.

Marehemu baba ametuachia Peugeot 504 ya mwaka 1979, rangi ya maziwa. Alikuwa mhasibu wa chama cha ushirika, akalinunua kwa mkopo wa kukatwa mshahara, na tulipohamia Dar tukaja nalo. Sisi watoto wanne tumekulia kwenye kiti cha nyuma cha Pijo lile. Kila Desemba ni Chalinze, Moro, mbuga ya Mikumi tukihesabu twiga, vitunguu pale Ruaha Mbuyuni, Kitonga, Iringa, Makambako, Mbeya, halafu Tukuyu nyumbani. Kutoka Dar hadi Mbeya peke yake ni zaidi ya kilomita 800. Kwa miaka yote hiyo naikumbuka pancha, nakumbuka mkanda wa feni uliokatika Mafinga, basi. Mzee alikuwa na daftari. Kila alipobadili oili au plagi aliandika tarehe na kilomita.

Mwaka jana tulimzika. Mwezi uliopita ukoo ukapanga siku ya kujengea kaburi, Jumamosi. Mama akaniambia, "Baba, nipeleke na gari la mzee. Nikimfuata na basi nitajiona kama namwendea mtu baki." Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Ningemjibu nini?

Gari lilikuwa limekaa miezi minane bila kutembea, na najua gari la umri ule halikurupushwi. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya safari nikalipeleka kwenye gereji moja maeneo ya Gerezani, kwa fundi niliyeelekezwa kwamba Pijo anazijua tangu utoto. Nikamwandikia kwenye karatasi: mipira yote ya rejeta ibadilishwe, breki za mbele na nyuma zifunguliwe, kabureta isafishwe, na feni haishiki, aitazame. La feni nililirudia kwa mdomo mara tatu.

Niwaeleze wasiolijua gari hili, maana hapo ndipo kisa chote kilipo. Feni ya 504 ya baba haizunguki muda wote na injini. Ina sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, swichi iliyo kwenye rejeta inapeleka umeme, sumaku inashika, feni inazunguka. Maji yakipoa inaachia. Wafaransa walifanya vile ili injini isibebe mzigo wa feni wakati upepo wa mwendo unatosha kuipoza. Ni kitu cha akili sana. Ila kaboni zake (vipande vinavyopitisha umeme kwenda kwenye sumaku) zikiisha, au waya ukiachia, feni inabaki inaelea tu. Ukiwa barabara tambarare kwa mwendo wa 80 hutajua kabisa, upepo unakufichia. Utajua siku unapopanda mlima taratibu nyuma ya lori.

Nililipa laki nane na nusu, mbali na spea nilizonunua mwenyewe Kariakoo na dumu mbili za kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini. Nikakabidhiwa gari Alhamisi saa tatu usiku, wakati foleni imeisha, kwa maneno haya: "Kaka, gari limekaa sawa, hata Tunduma unafika bila kufungua boneti." Risiti hakuna. Nilipoomba vitu vya zamani alivyotoa, akasema vijana wameshatupa.

Saa kumi alfajiri tukaondoka. Mama kiti cha mbele, kanga mpya, picha ya baba kwenye pochi. Hadi Morogoro geji ya joto ilikuwa chini kuliko nilivyozoea kuiona, nikasema jamaa kafanya kazi. Mikumi tukapita taratibu kama sheria inavyotaka, mama ananionyesha swala. Ruaha Mbuyuni akanunua vitunguu vya kupeleka msibani. Nawaambia kweli, ile asubuhi ilikuwa nzuri kuliko zote tangu tumzike mzee.

Kitonga mnaijua. Mlima upande mmoja, korongo upande mwingine, malori yanapanda kwa kujivuta na pa kupishana hakuna. Mbele yetu lori la kontena, nyuma basi. Kona ya pili mshale wa geji ukaanza kupanda. Nikawasha hita kupunguza moto, kama baba alivyonifundisha, nikafungua vioo. Haukusimama. Mvuke ukatoka kwenye boneti na harufu ile ambayo kila mwenye gari la zamani anaiogopa. Nikajisogeza pembeni panapoingia nusu ya gari tu. Utingo wa lori lililokuwa nyuma ya basi akakimbia kutuwekea mawe kwenye matairi, mwingine akakata matawi akayatandaza barabarani kuwatahadharisha wanaopanda. Mungu awabariki vijana wale, hawakuniomba hata shilingi.

Mama ana miaka 71 na ana presha. Alikaa juu ya jiwe, kanga kichwani, malori yanapita mita moja kutoka magotini kwake. Kwa saa nne nzima. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Aliyetuokoa ni dereva mzee wa lori, anasema ujanani aliendesha teksi za 504. Aliinama mara moja tu akaita, "Njoo uone." Waya wa feni ulikuwa umekatwa. Haukuachia, haukuungua. Umekatwa kwa koleo, na ncha zote mbili zimefungwa utepe mweusi mpya. Mtu kakaa, kakata, kafunga vizuri, kisha akapokea hela yangu. Mzee yule akachukua spana, akakaza zile skrubu tatu za feni mpaka ikajifunga moja kwa moja na puli, izunguke muda wote. Dakika kumi! Kazi ya dakika kumi ambayo niliilipia Dar wiki mbili. Tukangoja injini ipoe kabisa, tukajaza maji, tukajikongoja hadi Ilula kwenye nyanya zile, halafu Iringa, tunasimama kila baada ya kilomita chache.

Iringa mafundi wakafungua mbele yangu. Themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake, haimo. Imeng'olewa. Ndiyo maana geji ilikuwa chini vile asubuhi: maji yanakimbia tu muda wote, feni mbovu inajificha. Kwenye rejeta hakuna kulanti hata tone, ni maji matupu yenye kutu. Dumu zangu mbili sijui ziko kwenye gari la nani. Gasketi imeungua, na silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) ya 504 ni ya alumini, ikipata moto ule inapinda. Ikapelekwa mashineni kusawazishwa. Nikampandisha mama basi la jioni peke yake.

Nilifika Tukuyu Jumapili saa nane mchana. Kaburi lilikuwa limeshajengwa. Mdogo wangu ndiye aliyeweka tofali la kwanza mahali pangu.

Sasa jibu la fundi niliporudi Dar. Hakukana. Alisema, "Bosi, gari la zamani hilo, ulitegemea nini?"

Ulitegemea nini! Neno hili ndilo lililonifanya nifungue uzi, maana silisikii kwake tu. Nalisikia gereji karibu kila ninayoingia, na naona hata humu mtu akiuliza habari ya gari la kale anajibiwa auze skrepa. Magari haya yalitengenezwa kwa barabara mbaya kuliko hizi tulizonazo leo. Dereva Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, enzi ambazo mashindano yale yalipita Kenya, Uganda na Tanzania kwenye tope na vumbi. Mwaka 1975 ikashinda 504 yenyewe. Leo unaniambia lami ya Kitonga imelishinda kwa uzee? Uzee haukati waya kwa koleo. Uzee hauibi kulanti.

Na hii tabia ya kung'oa themostati jamani iachwe. Utasikia "Dar joto, haina kazi". Ina kazi. Injini imepimwa ifanye kazi ikiwa na moto wake, maji kama nyuzi 80 hivi na kuendelea. Ukiing'oa, injini inatembea baridi, inakula mafuta, inajila yenyewe ndani, na kule Makambako asubuhi haipati moto kabisa. Mbaya zaidi inaficha ugonjwa. Gari likichemsha kuna sababu: feni, pampu ya maji, rejeta iliyoziba kwa maji ya kisima yenye chumvi, mfuniko uliolegea. Kuing'oa themostati ni kumnyamazisha mgonjwa asilie ukasema amepona. Halafu unampandisha Kitonga, kule juu ambako maji yenyewe yanachemka mapema kuliko Kariakoo.

Kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa nimekwenda, fundi akaitwa mara mbili, hakutokea. Polisi nikaambiwa ni madai, niende mahakama ya mwanzo, na swali la kwanza lilikuwa risiti iko wapi. Sina. Nina ile karatasi ya orodha, picha za waya, na maelezo ya mafundi wa Iringa kwa maandishi. Nitakwenda nazo hizo hizo.

Mafundi waaminifu wapo, nimewaona Iringa, nimemwona yule mzee wa lori. Hasira yangu ni kwa anayejua kabisa kwamba hajatengeneza, anajua unapakia mama yako, anajua njia unayopita, na bado anakupa funguo huku anatabasamu. Angesema tu "feni imenishinda", ningemlipa muda wake na kutafuta mwingine.

Wenye magari ya kale mnaotoka nayo Dar kwenda mbali, msipokee gari usiku kama mimi. Pokeeni mchana, mliache liungurume limesimama mpaka mwone kwa macho feni inashika. Fungueni mfuniko wa rejeta likiwa la baridi, mwone rangi ya maji. Vitu vya zamani vyote vikae kwenye mfuko wako, hata skrubu.

Mwisho, natafuta themostati ya 504 ya petroli, injini ya lita 2, ya asili, na kaboni za feni. Iringa walinifungia ya gari lingine nifike tu. Kariakoo nimezunguka siku mbili. Mwenye nayo au anayejua duka aje PM, mama ameshauliza tutarudi lini Tukuyu, na amesema ni kwa gari hilo hilo.